Mshairi kwenye opera: maswali yenu kuhusu libreto, ualimu na malipo

Toleo lililopita lilikuwa na makala fupi kuhusu washairi wanaofundisha vyuoni huku wakiandika libreto, yaani maneno yanayoimbwa katika opera. Barua zimekuja nyingi kuliko kurasa tulizo nazo. Tumechagua zile zinazouliza kazi yenyewe inavyofanyika, na tumezifupisha.

Wahariri, salaam. Nimeandika utenzi wa beti 400 kuhusu mama anayemngoja mwanawe aliyekwenda na jahazi. Rafiki yangu ni mwalimu wa kwaya, anajua kuandika nota, na ameniambia utenzi huu ni opera tayari. Nimpe wote aanze?
*Mwalimu wa sekondari, Tanga*

Mwalimu, usimpe bado. Kwanza piga hesabu. Beti 400, kila ubeti mishororo minne, kila mshororo mizani nane: hizo ni mizani 12,800. Mtu akiusoma kwa sauti bila haraka ataumaliza kwa dakika 45 hivi. Mwimbaji hawezi kasi hiyo. Chukua wastani wa mizani mbili kwa sekunde, na utenzi wako umefika dakika 107, kabla neno lolote halijarudiwa, kabla okestra haijapiga peke yake, kabla mtu hajavuka jukwaa kimyakimya. Opera hufanya hayo yote matatu, tena sana. Utakuwa na onyesho la zaidi ya saa tatu. Kama mnataka dakika 90, lenga mizani 4,000 hadi 5,000, yaani beti 125 hadi 155. Theluthi mbili ya kazi yako inabaki nyumbani.

Cha kukata kwanza ni masimulizi. Utenzi una msimulizi wa kutuambia kwamba mama ana wasiwasi. Jukwaani mama tunamwona. Kwa hiyo beti za kuomba wino na karatasi zinaondoka, za nasaba zinaondoka, na zile za kuwausia vijana mwishoni zinaondoka pia, hata kama ndizo zilizokupatia sifa. Zinabaki zile ambamo mtu anataka kitu kwa mwenzake na mwenzake hataki, au hawezi, kumpa.

Tuseme ubeti wako mmoja unasema hivi:

*Moyo wangu wasumbuka,*
*na machozi yamwaika,*
*jahazi halijafika,*
*mwanangu haonekani.*

Ni ubeti safi, lakini mtunzi wa muziki hana la kufanya nao isipokuwa kuupamba. Sasa mweke mama gatini pamoja na mvuvi mwenye macho makali:

*— Lile?*
*— Silo.*
*— Lile jeupe?*
*— Silo, mama.*
*— Lenye tanga la viraka?*

Hapo mvuvi hajibu. Mizani 32 zimekuwa 21, neno "huzuni" halikutajwa, na rafiki yako amepata kimya cha kukijaza kwa ala. Hiyo ndiyo libreto.

Kabla ya kuandika mstari wowote mpya, chukua karatasi moja kwa kila onyesho, yaani kila kipande cha kisa, na ujibu mambo manne: nani anataka nini, anakitaka kwa nani, nini kinamzuia, na anatoka jukwaani akiwa na hali gani tofauti na aliyoingia nayo. Karatasi isiyo na jibu la swali la nne ni onyesho la kufutwa. Zikifika karatasi kumi au kumi na mbili, kaeni wawili mzisome kwa sauti. Hapo ndipo umkabidhi.

Nimesikia kwamba mshairi wa opera za Mozart alikuwa mwalimu, na baadaye muuza duka Marekani. Ni kweli, au ni hadithi za barazani?
*Msomaji, Mkunazini, Unguja*

Ni kweli. Lorenzo Da Ponte alizaliwa mwaka 1749 huko Ceneda, katika himaya ya Venice, akapadrishwa, akafundisha fasihi katika seminari za Portogruaro na Treviso. Mwaka 1776 alipoteza kazi ya Treviso na kupigwa marufuku kufundisha katika Jamhuri ya Venice. Kisa chake walimu watakielewa: aliwaandikia wanafunzi wake mashairi ya kughani hadharani mwisho wa mwaka, na mashairi hayo yaliuliza kama sheria za jamii zimemwongezea mwanadamu furaha au zimempunguzia. Wakubwa hawakupendezwa.

Mwaka 1783 akateuliwa mshairi wa kampuni ya opera ya Kiitalia huko Vienna, chini ya Kaisari Joseph II. Kwa maelezo yake mwenyewe, Kaisari alimuuliza ameshaandika tamthilia ngapi, naye akajibu kwamba hajaandika hata moja. Libreto yake ya kwanza pale, aliyomwandikia mtunzi wa muziki Salieri mwaka 1784, ilianguka vibaya. Kisha zikaja tatu za Mozart: *Le nozze di Figaro* mwaka 1786, *Don Giovanni* iliyofunguliwa Prague tarehe 29 Oktoba 1787, na *Così fan tutte* mwaka 1790. Ndani ya mwaka huo wa 1787 alikuwa na libreto tatu mezani kwa wakati mmoja, za Mozart, Salieri na Martín y Soler. Na hakuanza kila kitu sifuri: *Don Giovanni* imejengwa juu ya libreto ya Giovanni Bertati iliyoimbwa Venice miezi michache kabla, na ile ya Salieri ilikuwa opera ya Kifaransa aliyoigeuza kuwa ya Kiitalia.

Joseph II akafariki Februari 1790, na mwaka uliofuata Da Ponte hana kazi. Akaenda London, akawa mshairi wa King's Theatre, akazama kwenye madeni, na mwaka 1805 akavuka bahari kwenda Marekani akiwa na miaka 56. Hapo ndipo lilipoanza duka la vyakula. Mwaka 1807 alikutana na msomi Clement Clarke Moore, ambaye alimtafutia wanafunzi wa Kiitalia mjini New York. Mwaka 1825 akawa profesa wa kwanza wa Kiitalia katika chuo cha Columbia, bila mshahara: alilipwa na wanafunzi waliojiandikisha, na wasipojiandikisha hakulipwa. Mwaka huohuo kampuni ya mwimbaji Manuel García ilileta opera ya Kiitalia New York, na mwaka 1826 ikaimba *Don Giovanni*. Baadaye alishiriki kuanzisha jumba la opera lililofunguliwa mwaka 1833, halikudumu. Alifariki mwaka 1838.

Watu hupenda maisha yake kwa sababu ya visa vyake na wanawake na wadai. Sisi tunamtaka msomaji aangalie tarehe. Kipindi cha Vienna, kilichomfanya akumbukwe, ni miaka minane hivi, 1783 hadi 1791. Ualimu ulianza kabla ya hapo na ulimzika.

Mimi ni mshairi wa bahari za kale. Vijana wananiambia opera haitaki vina wala mizani, niandike guni tu. Nami sitaki.
*Mzee wa Kisauni, Mombasa*

Mzee wetu, shikamoo. Vijana wamekudanganya nusu.

Libreto ya Kiitalia, ambayo ndiyo mama wa hizi nyingine, ina aina mbili za maandishi. Mazungumzo yanayosukuma kisa, yaani resitativo, huandikwa kwa mishororo ya mizani saba na kumi na moja iliyochanganywa bila mpangilio, na vina si lazima. Aria, yaani nyimbo za mtu mmoja, na nyimbo za wawili huwa na mizani maalumu na vina. Mtunzi wa muziki akiona tu umbo la mishororo kwenye karatasi anajua wapi anaongea na wapi anaimba. Kwa hiyo usitupe ulichonacho: tumia mtiririko huru mahali watu wanapobishana, weka mizani na vina mahali mtu anaposimama kufungua moyo. Shairi la mizani 16 ni refu mno kwa pumzi ya mwimbaji. Likate katikati, kila kipande mshororo. Mizani nane za utenzi zinafaa kama zilivyo, na Waitalia wana mshororo wa mizani nane wenye mkazo wa mwisho kwenye mizani ya saba, palepale mkazo wa Kiswahili unapoangukia.

Tofauti iko mwisho wa mshororo. Tazama ule wimbo wa wawili katika *Don Giovanni*: mshororo wa kwanza unaishia na "mano", mkazo ukiwa kwenye silabi ya kabla ya mwisho, wa pili unaishia na "sì", mkazo kwenye silabi ya mwisho kabisa. Kisha "lontano", kisha "qui". Laini, ngumu, laini, ngumu. Ule mwisho mgumu ndio unaompa mtunzi mahali pa kufungia muziki. Kiswahili karibu chote ni laini, maana mkazo hukaa silabi moja kabla ya mwisho, ukiacha maneno machache kama "lazima" na "Afrika" ambako unarudi nyuma zaidi. Mkipuuza hili, mtunzi ataweka noti nzito ya kufungia juu ya silabi dhaifu, na hadhira itasikia "mwanangU", "nyumbanI", kama mgeni anayejifunza lugha. Dawa ni mbili. Ama afungie muziki kwenye silabi ya kabla ya mwisho na kuiachia ya mwisho ianguke taratibu. Ama wewe umtafutie maneno yanayoweza kubeba pigo la mwisho: "la!", "njoo", "puu", "basi" likikatwa. Hayo ni haba, kwa hiyo yaweke akiba kwa mwisho wa aria.

Jambo la pili ni silabi ya "m" na "n". Katika mizani zako "mtu" ni mbili, na mkazo uko kwenye "m". Vivyo hivyo "mke", "mji", "mti", na "n" ya "nchi". Kwenye usomaji hakuna tatizo. Mtunzi akiweka noti ndefu juu ya "m", mwimbaji amefunga midomo na anavuma tu, na vinanda viwili vinatosha kumfunika. Mwombe aifanye "m" noti fupi inayotangulia, urefu uende kwenye "-tu", au wewe ubadilishe: "binadamu", "mjini".

La tatu ni irabu. Kila irabu hutambulikana kwa mwangwi wake kinywani. Mwangwi wa chini kabisa wa "i" na "u" uko karibu na mitetemo 300 kwa sekunde, wa "a" karibu na 800. Soprano, mwimbaji wa sauti ya juu ya kike, akipanda hadi mitetemo 880, ameshaupita mwangwi wa irabu zote, na lazima afungue kinywa ili sauti itoke. Chochote ulichoandika kitasikika kama "a". Ukimpa neno "sumu" huko juu, watu wa viti vya nyuma watasikia "sama" na hawataelewa kwa nini shujaa anaanguka. Neno linalobeba kisa liwe chini au katikati ya sauti, lisikike mara mbili. Kule juu mpe "haya", "mama", "ole wa" na mfano wa hayo.

Guni, mzee, unaweza kuwaachia hao vijana.

Tulikubaliana na mtunzi wa muziki, nikampa libreto. Baada ya miezi minane amenirudishia imebadilishwa: mistari imeondolewa, mingine ameandika yeye. Nimeumia. Nifanyeje?
*Mwanafunzi wa uzamili, Morogoro*

Pole, dada. Tenganisha mambo mawili, kukata na kuandika.

Kukata ni haki yake kwa kiasi kikubwa. Mshairi W. H. Auden, aliyewahi kufundisha shule za wavulana Uingereza na Scotland, na baadaye vyuo vya Marekani, aliandika kwamba mistari ya libreto ni kama barua ya faragha kwa mtunzi wa muziki. Ikishamchochea muziki, kazi yake imekwisha. Hilo halikumjia bure. Jaribio lake la kwanza kubwa na mtunzi wa muziki Benjamin Britten, *Paul Bunyan*, lililoonyeshwa katika Columbia mwaka 1941, lilijaa maneno ya kijanja na wahakiki hawakulipenda; Britten akaliweka kabatini kwa zaidi ya miaka 30. Kwa opera ya *The Rake's Progress* alibadili utaratibu. Novemba 1947 alikwenda Hollywood kwa mtunzi wa muziki Stravinsky, wakapanga kisa onyesho kwa onyesho, wapi aria, wapi wawili, wapi kwaya, kabla ya mashairi. Libreto, aliyoiandika na mshairi mwenzake Chester Kallman, ilikamilika mapema mwaka uliofuata. Muziki ulichukua miaka mitatu. Onyesho la kwanza lilikuwa Venice, tarehe 11 Septemba 1951.

Kuandika ni jambo jingine. Mistari aliyoiongeza yeye bila kukuuliza haiwezi kukaa chini ya jina lako. Mwandikie leo, kwa upole, umtajie mistari hiyo moja moja na kando ya kila mmoja uweke pendekezo lako lenye mizani zilezile na mkazo mahali palepale, ili asilazimike kugusa noti. Mshairi anayeleta malalamiko tu hupuuzwa; anayeleta mstari unaokaa juu ya noti zilizopo husikilizwa siku hiyohiyo. Na tangu sasa kila rasimu iwe na namba na tarehe juu ya kila ukurasa, maana nusu ya ugomvi wa namna hii hutokana na watu wawili kushika rasimu mbili tofauti. Pangeni pia siku ya kufunga maneno. Mabadiliko kabla ya nota za piano ni bure. Yakija baada ya hapo, mtu anaandika upya. Okestra ikishapangwa, neno moja linaweza kudai kurasa za wapigaji wote zichapishwe tena.

Usijione wa kwanza kukatwa. Da Ponte alipochukua tamthilia ya Mfaransa Beaumarchais kwa ajili ya *Figaro*, alieleza katika dibaji kwamba amepunguza wahusika 16 hadi 11 na kuacha sehemu nzima moja kati ya tano, pamoja na maonyesho mengi mazuri. Hotuba ndefu ya Figaro ya kuwasuta wakubwa ilitoweka. Mahali pake pana aria ya kuwalalamikia wanawake. Tamthilia yenyewe ilikuwa imezuiwa kuchezwa Vienna mwaka 1785, kwa hiyo mkasi huo ndio uliopitisha opera mlangoni.

Je, kuna opera kubwa iliyoandikwa kwa lugha yetu ya Kibantu? Mimi huandika Kiswahili na Kirundi.
*Bujumbura*

Ipo, ndugu. *Princess Magogo kaDinuzulu* iliimbwa kwa Kizulu mjini Durban mwaka 2002. Muziki ni wa Mzilikazi Khumalo, libreto ni ya Themba Msimang, na aliyeimba nafasi kuu ni Sibongile Khumalo. Mwaka 2004 ilipelekwa hadi tamasha la Ravinia, karibu na Chicago. Watunzi wote wawili walikuwa maprofesa wa lugha za Kiafrika, na hilo lina maana: Kizulu ni lugha ya toni, wimbo ukipanda pale neno linaposhuka maana inaharibika, na mtunzi asiyejua toni angeharibu kila ukurasa. Kirundi chako nacho kina toni. Kwa Kiswahili hutakuwa na shida hiyo, ni mkazo tu. Ukiandika kwa Kirundi, usimpe mtunzi karatasi peke yake. Mrekodie sauti yako ukisoma kila mstari mara mbili, polepole na kwa kasi ya kawaida.

Nimepewa mkataba wa kuandika libreto. Umeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, kurasa tisa. Niangalie nini hasa?
*Mshairi, Nairobi*

Mpe wakili, hilo halina mjadala. Lakini uende kwake ukijua unachokitafuta.

Malipo ya kuagizwa kazi hayatakiwi kuja yote mwisho. Mgawanyo wa kawaida ni mafungu matatu: ukitia saini, ukikabidhi rasimu kamili, na ama rasimu ya mwisho ikikubaliwa ama onyesho la kwanza likifika. Fungu la "onyesho la kwanza" ndilo la hatari, kwa sababu onyesho laweza kuahirishwa miaka miwili na wewe hujakosea lolote. Omba liandikwe hivi: onyesho la kwanza au tarehe fulani, lolote litakalotangulia. Andikeni pia idadi ya rasimu zilizomo ndani ya malipo hayo. Mbili na marekebisho baada ya warsha zinatosha. Za ziada zilipwe.

Mrabaha wa maonyesho ya baadaye hugawanywa kati yako na mtunzi wa muziki. Sehemu ya mshairi hutofautiana, robo, theluthi, mara chache nusu. Wakikuambia "utalipwa mara moja tu", wananunua libreto yote, na bei ya kununua yote haiwezi kuwa sawa na bei ya kuagiza.

Kuna vifungu viwili ambavyo washairi husahau. Kimoja: mtunzi asipomaliza muziki ndani ya muda uliotajwa, tuseme miaka mitatu, maneno yarudi kwako huru. Bila hicho, libreto yako inaweza kulala kwenye droo ya mtu mpaka mmoja wenu afe. Cha pili: ubaki na haki ya kuchapisha maneno yako kama kitabu cha mashairi, na kuyatumia darasani.

Ukitohoa riwaya au tamthilia ya mtu, ruhusa ya maandishi ije kabla ya mstari wa kwanza. Kwa sheria za Tanzania na Kenya hakimiliki hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Nchi za Ulaya ni miaka 70. Kwa hiyo kazi iliyo huru Nairobi huenda haijawa huru Berlin, na opera hupenda kusafiri. Ruhusa hii si jambo dogo: mwandishi Thornton Wilder alimkatalia mtunzi wa muziki Aaron Copland kuigeuza tamthilia yake *Our Town* kuwa opera, na opera hiyo ilikuja kupatikana mwaka 2006 tu, zaidi ya miaka 30 baada ya kifo cha Wilder, muziki ukiwa wa Ned Rorem na libreto ya mshairi J. D. McClatchy.

Binti yangu ana shahada ya fasihi na anataka kusomea uandishi wa libreto. Kuna chuo cha kazi hiyo, au anatupotezea ada?
*Mama wa watoto watatu, Leeds*

Mama, vipo. London kuna shule ya Guildhall yenye shahada ya uzamili ya mwaka mmoja ya kutunga na kuandika opera. Inapokea waandishi na watunzi wa muziki kando kando, kisha inawaunganisha wawili wawili. New York kuna American Lyric Theater, ambayo huwalea waandishi na watunzi pamoja bila kutoa shahada. Kabla ya ada, mwambie aimbe katika kwaya mwaka mmoja, hata ya kanisa la mtaani. Asijali sauti yake. Ajue pumzi inakwisha wapi, na kwa nini "s" nyingi mfululizo huudhi. Kujua kusoma nota kidogo kunatosha, hahitaji kutunga.

Nafundisha chuo kikuu saa 14 kwa wiki. Nitaingiza wapi libreto? Na je, itahesabiwa kwenye kupandishwa cheo?
*Mhadhiri, Dodoma*

Anza na la pili. Kamati hupima vitu vinavyoshikika, na opera iliyochezwa usiku mbili haishikiki. Weka jalada tangu siku ya kwanza: mkataba, libreto iliyochapishwa na yenye namba ya kitabu, nota za piano zenye jina lako, kijitabu cha onyesho, rekodi, na uhakiki wowote uliotoka gazetini. Libreto iliyochapishwa peke yake kama kitabu mara nyingi huhesabiwa kirahisi kuliko onyesho lenyewe, na hiyo ni sababu nyingine ya kile kifungu cha kuchapisha.

Kuhusu muda, opera moja kubwa huchukua miaka miwili hadi mitano tangu wazo hadi pazia, na mshairi hafanyi kazi mfululizo. Kuna vipindi vitatu vizito: muhtasari na rasimu ya kwanza, wiki moja au mbili za warsha ya waimbaji na piano, na wiki za mwisho za mazoezi. Cha kwanza kiweke likizo ndefu. Cha pili na cha tatu hupangwa na watu wengine, kwa hiyo waambie wakuu wa idara mapema, tena kwa barua. McClatchy, tuliyemtaja, alifundisha Chuo Kikuu cha Yale na kuhariri jarida la *The Yale Review* kwa zaidi ya robo karne huku akiandika libreto zaidi ya kumi, zikiwamo *Emmeline* ya 1996 na *1984* iliyofunguliwa jumba la Covent Garden, London, mwaka 2005. Kinachoonekana katika orodha yake ni kwamba nyingi zilianza na riwaya au tamthilia iliyokwisha kuwapo. Mwalimu mwenye saa 14 afuate njia hiyo, maana kisa kilichokwisha kusimama kinakuokolea miezi.

Darasani, libreto ni zana nzuri ya kufundishia ushairi. Chukua ngonjera yoyote yenye pande mbili. Wiki ya kwanza wanafunzi waibane hadi nusu ya mizani zake bila kupoteza hoja. Wiki ya pili waondoe hoja zote, wabakize matakwa: huyu anataka nini kwa yule. Hapa wengi hukwama, kwa sababu ngonjera hubishana ili hadhira ihukumu, na watu wa opera hubishana ili wapate kitu. Wiki ya tatu mwalike mwimbaji mmoja na mpiga kinanda, waimbe papo kwa papo, na darasa liandike kila neno ambalo halikusikika. Orodha hiyo, wala si maoni ya mwalimu, ndiyo itumike kusahihisha wiki ya nne.

Swali fupi: maneno yakitafsiriwa na kuonyeshwa juu ya jukwaa, bado kuna haja ya kuhangaikia usikivu?
*Muscat*

Ipo. Maandishi ya juu, yaliyoanzia Toronto mwaka 1983, hutosha mistari miwili kwa wakati. Hadhira husoma haraka kuliko mwimbaji anavyoimba, kwa hiyo ukiweka kichekesho mwisho wa sentensi ndefu, watu watacheka kabla hakijaimbwa. Gawa sentensi, kichekesho kiwe na mstari wake peke yake. Na anayetazama juu hatazami uso wa mwimbaji.

Jina la mshairi huandikwa wapi kwenye bango?
*Arusha*

Popote mkataba uliposema. Usiposema, huenda lisiandikwe kabisa. Kifungu cha kuomba ni hiki: jina la mwandishi wa libreto liwepo kila mahali lilipo jina la mtunzi wa muziki, bango, tiketi, kijitabu, rekodi na tangazo la mtandaoni, kwa herufi zisizopungua ukubwa uliokubaliwa. Neno "tangazo la mtandaoni" lisiachwe, kwa sababu ndipo majina yanapokatwa kwanza nafasi ikiwa finyu.

Maswali zaidi yaletwe kwa anwani ya kawaida ya safu hii, na tafadhali msitume libreto nzima. Maonyesho mawili ya ndani yake yanatosha.